Kemshafti ya Chini na Kemshafti ya Juu: Mwongozo kwa Mwenye Pikipiki na Gari

Katika kila injini ya mipigo minne, iwe ya bodaboda au ya lori la Scania, hewa huingia kwenye silinda na moshi hutoka kupitia valvu, ambazo hufungwa kwa nguvu ya springi na kufunguliwa kwa zamu na mhimili wenye nundu uitwao kemshafti. Mhimili huo huzunguka kwa nusu ya kasi ya krankshafti, kwa sababu mipigo minne ya pistoni hukamilika katika mizunguko miwili ya krankshafti, ilhali kila valvu hutakiwa kufunguka mara moja tu katika muda huo. Swali linalozigawa injini katika makundi mawili makubwa ni mahali mhimili huo ulipowekwa, na msomaji atakayelishika jambo hilo moja ataweza kueleza mwenyewe kwa nini injini moja huvumilia oili chakavu na nyingine hunoki, au kwa nini mkanda ukikatika gari moja hurudi barabarani kwa gharama ndogo na jingine huishia kufunguliwa hedi.

Katika kundi la kwanza kemshafti imelazwa chini, pembeni mwa krankshafti ndani ya bloku, huku valvu zikiwa juu kwenye hedi. Kwa kuwa umbali kati ya nundu na valvu ni mrefu, nguvu husafirishwa na msururu wa vipande: nundu huinua tapeti, tapeti husukuma kijiti kirefu cha chuma ambacho mafundi hukiita pushirodi, kijiti hicho hupanda hadi kwenye hedi na kuinua upande mmoja wa roka, na roka, ambayo ni mkono mfupi unaocheza juu ya mhimili wake, hushuka upande wa pili na kuibonyeza valvu. Katika kundi la pili kemshafti imepandishwa hadi kwenye hedi yenyewe, ikazibonyeza valvu kupitia roka fupi au hata moja kwa moja bila roka, na safari ndefu ikabaki kwa cheni au mkanda unaoleta mzunguko kutoka chini. Kwa maneno mengine, kundi la kwanza husafirisha msukumo na la pili husafirisha mzunguko. Kwenye karatasi za sifa za chombo kundi la kwanza huandikwa OHV, na la pili SOHC likiwa na kemshafti moja kwa kila hedi au DOHC likiwa na mbili. Herufi za OHV zinaweza kumpotosha mnunuzi, kwa sababu humaanisha tu kwamba valvu ziko juu, na kwa kweli katika makundi yote mawili valvu ziko juu.

Hakuna mahali ambapo makundi hayo yanakutana kwa ukaribu kama kwenye kijiwe cha bodaboda. Mwaka 1976 kampuni ya Honda, ambayo tayari ilikuwa na sifa ya injini ndogo zenye kemshafti ya juu, ilitoa pikipiki ya CG125 iliyorudisha kemshafti chini na kutumia pushirodi. Uamuzi huo haukutokana na ukosefu wa ufundi, bali na hali za pikipiki katika nchi zinazoendelea, ambako zilibebeshwa mizigo mizito, zikapita kwenye vumbi, na oili yake ikaachwa hadi ikawa nyeusi au ikapungua bila mtu kuangalia. Kemshafti iliyoko kwenye hedi iko mbali kabisa na sampu ya oili, kwa hiyo hutegemea pampu na njia nyembamba za kupandishia. Oili ikipungua au njia ikiziba kwa uchafu, juu ndiko hukauka kwanza, na nundu pamoja na vikalio vya kemshafti hulika kabla dereva hajashtuka. Kemshafti ya CG125 iko chini karibu na krankshafti, inazungushwa na gia badala ya cheni, na hupata oili inayorushwa na vyuma vinavyozunguka humo ndani, hivyo hubaki na unyevu wa kuiokoa hata pale pampu inapotoa kidogo. Ina nundu moja tu inayozihudumia valvu zote mbili, na oili yake husafishwa kwa chujio la waya pamoja na kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni, bila chujio la karatasi la kununua kila mara.

Viwanda vingi vya China viliufuata mpangilio huo na kuunda injini za ukubwa wa 125, 150 na hata 200, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Afrika Mashariki kwa wingi tangu miaka ya 2000 zimebeba injini za ukoo huo. Kwa upande mwingine Bajaj Boxer na TVS HLX kutoka India zina kemshafti ya juu inayozungushwa na cheni. Ni vizuri ieleweke kwamba ubora wa chuma na mpangilio wa injini ni mambo mawili tofauti: injini ya pushirodi iliyotengenezwa kwa chuma laini itakufa mapema kuliko injini ya kemshafti ya juu iliyotengenezwa vizuri, na vijiti haviwezi kulaumiwa kwa sifa mbaya walizopewa baadhi ya wazalishaji wa bei nafuu.

Kuzitambua injini hizo bila kufungua hata nati moja ni rahisi kwa anayejua pa kutazama. Kwenye injini ya pikipiki yenye kemshafti ya juu, ubavu mmoja wa hedi huwa na kifuniko au uvimbe wa duara unaoficha sproketi ya kemshafti, na ubavu huohuo wa silinda huwa mnene kwa sababu cheni hupita ndani yake. Alama ya uhakika zaidi ni kikaza cheni, kifaa kidogo kilichofungwa kwa bolti mbili nyuma ya silinda, chini ya kabureta, ambacho kazi yake ni kuisukuma reli inayoibana cheni isilegee. Injini ya pushirodi haina kikaza hicho, hedi yake haina uvimbe wa sproketi, na kifuniko chake cha juu ni kidogo kwa sababu hufunika roka na springi tu. Kwa gari, msomaji atazame mbele ya injini: kasha refu la plastiki au la bati linaloanzia kwenye puli ya krankshafti na kupanda hadi juu ya hedi huashiria mkanda wa kemshafti ya juu, na likiwa la aluminiamu lililofungwa kwa bolti nyingi na kuzibwa kwa silikoni basi ndani yake kwa kawaida mna cheni, kama ilivyo kwenye injini ya 1NZ-FE ya Toyota Probox na Vitz. Kasha likiishia katikati ya bloku, kemshafti iko chini.

Sababu iliyoifanya kemshafti ipande juu ni kasi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde moja, na kila inapobadili mwelekeo, tapeti, pushirodi na roka navyo hulazimika kusimama na kurudi pamoja nayo. Nguvu inayohitajika kuvirudisha vyuma hivyo huongezeka kwa kasi kuliko mzunguko wenyewe, kwa maana kwamba mzunguko ukiongezwa maradufu nguvu hiyo huwa mara nne. Hufika mahali springi haiwezi tena kuifuata nundu, valvu ikaelea badala ya kufungwa kwa wakati, mgandamizo ukapotea na wakati mwingine valvu ikagongwa na pistoni. Pushirodi yenyewe nayo hupinda kidogo sana chini ya mzigo na kurudi, hivyo kile kilichochongwa kwenye nundu hakifiki kwenye valvu kama kilivyo. Springi ngumu zaidi husaidia, lakini huongeza msuguano na kuzila nundu haraka. Kuipandisha kemshafti juu huondoa vyuma vingi katika msururu huo, na pia hurahisisha kuweka valvu nne kwa kila silinda na plagi katikati yake, mpangilio ambao ulionekana tayari kwenye gari la mashindano la Peugeot lenye kemshafti mbili za juu mwaka 1912. Injini ya valvu nne inawezekana pia kwa pushirodi, na malori mengi yanazo, ila msongamano wa roka na madaraja ya kuunganisha valvu huongeza uzito uleule uliokuwa ukikimbiwa.

Hata hivyo, anayedhani kwamba pushirodi ni mabaki ya zamani na afikirie Chevrolet Corvette ya kizazi cha nane, gari la mbio la Marekani linalouzwa na aina zote mbili za injini. Toleo la kawaida lina injini ya V8 ya lita 6.2 yenye pushirodi, inayofikia mizunguko 6,600 na kutoa hadi nguvu za farasi 495. Toleo la Z06 lina V8 ya lita 5.5 yenye kemshafti nne za juu, inayofikia mizunguko 8,600 na kutoa nguvu za farasi 670. Injini ndogo imeipita kubwa kwa sababu inaweza kuzunguka haraka zaidi na kupumua vizuri zaidi, lakini imelipia ushindi huo kwa kemshafti nne badala ya moja, na kwa hedi pana zinazochukua nafasi zaidi. Ile ya pushirodi inabaki fupi na nyepesi kwa juu, na hutoa msukumo mwingi katika mizunguko ya chini. Msukumo huo wa chini mara nyingi huhesabiwa kuwa zawadi ya pushirodi, jambo ambalo si sahihi kabisa: hutokana zaidi na ukubwa wa injini, umbo la nundu na upana wa njia za hewa, na mhandisi anaweza kuupata kwa kemshafti ya juu akitaka. Kinachotokea ni kwamba injini isiyoweza kukimbia sana hupangwa ifanye kazi yake chini.

Ndiyo maana pushirodi zimedumu kwenye vyombo visivyohitaji mbio. Trekta la Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda tatu linazitumia, na kemshafti yake huzungushwa na gia ambazo hazina ratiba ya kubadilishwa. Scania iliendelea na kemshafti ya ndani ya bloku kwenye injini zake za lita 13 kwa miaka mingi, kwa sababu dizeli inayofanya kazi yake chini ya mizunguko 2,000 haisumbuliwi na uzito wa vijiti; ilipotoa injini mpya ya lita 13 mwaka 2021 ndipo ikaweka kemshafti mbili juu, na lengo lilikuwa kupunguza ulaji wa mafuta.

Kwa mwenye gari, tofauti inayogusa mfuko zaidi ni kile kinachoizungusha kemshafti, na hapa ndipo mazoea ya gereji yanapoweza kumponza. Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2 ambayo imebeba hospitali, mbuga za wanyama na miradi ya misaada katika eneo zima hili, ina kemshafti ya juu inayozungushwa na mkanda wa mpira. Watangulizi wake wa 2H na 3B walikuwa na pushirodi, na dereva aliyezoea injini hizo huweza kuhamia kwenye 1HZ akidhani kwamba oili na maji vinatosha. Mkanda una umri wake, ambao kwa kawaida ni kilomita 100,000, na kwenye dashibodi mna taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka muda huo unapofika. Taa hiyo haiuoni mkanda. Huhesabu kilomita tu, na inaweza kuzimwa kwa kurudishwa upya bila mkanda kuguswa. Anayenunua gari lililotumika hapaswi kuridhika kwa kuona taa imezima. Afungue kasha la juu, aukague mkanda kwa tochi kuona kama una nyufa, mafuta au meno yaliyokatika, na asipopata ushahidi wa kuaminika wa lini ulibadilishwa, aubadilishe pamoja na beringi ya kukazia, kwa kuwa beringi iliyokauka huukata mkanda mpya. Mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, kemshafti husimama huku pistoni zikiendelea kupanda, na kwa kuwa kwenye injini ya dizeli nafasi kati ya pistoni na hedi ni ndogo mno, valvu zilizobaki wazi hugongwa.

Isije ikadhaniwa kwamba mkanda huenda na kemshafti ya juu peke yake. Land Rover za injini ya 200Tdi na 300Tdi zina kemshafti ya chini na pushirodi, lakini kemshafti hiyo huzungushwa na mkanda, na mwenye gari hilo anapaswa kuuheshimu kama mwenzake wa 1HZ. Nafuu yake ni kwamba mkanda ukikatika, pistoni ikiigonga valvu, mara nyingi kinachopinda ni pushirodi, kipande chembamba na cha bei ndogo, na hedi ikapona. Fundi akikuta hali hiyo huzitoa pushirodi moja baada ya nyingine na kuziviringisha juu ya kioo; iliyopinda hurukaruka na iliyonyooka huteleza. Hapo pia ipo sababu ya kutokuwa na haraka: pushirodi zikiwa zimepinda, roka na ncha za valvu zikaguliwe kabla ya kuweka mpya, kwa sababu bahati haimwangukii kila mtu.

Kazi ya kuseti tapeti, yaani kupima na kurekebisha upenyo mdogo kati ya roka na ncha ya valvu, iko kwenye makundi yote mawili isipokuwa penye tapeti za oili zinazojirekebisha. Upenyo huo unahitajika kwa sababu vyuma hutanuka vikipata joto. Kwenye CG125 upenyo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla haijawashwa. Plagi hutolewa ili injini izunguke kwa urahisi, kisha krankshafti huzungushwa hadi alama ya T kwenye magneto ilingane na alama ya kasha, pistoni ikiwa juu mwisho wa mgandamizo. Roka zote mbili zinapaswa kutikisika kidogo kwa vidole. Ikiwa moja imebana, pistoni iko juu kwa mpigo mwingine, na krankshafti izungushwe duru moja kamili zaidi. Kipimo bapa cha 0.08 hupitishwa kati ya skrubu na valvu, kikateleza kwa ukinzani mdogo, kisha nati hukazwa huku skrubu imeshikiliwa, na kipimo hurudiwa, kwa kuwa kukaza nati mara nyingi huubana upenyo uliokuwa sahihi. Injini za ukoo huu zilizotengenezwa na wazalishaji wengine zinaweza kuwa na kipimo chake, kwa hiyo kitabu cha chombo kitangulie. Wapo madereva wanaomtaka fundi akaze hadi kelele yote ya tapeti iishe. Hao wanaomba waunguziwe valvu, maana valvu isiyofunga barabara haiwezi kupeleka joto lake kwenye kikalio, na injini huanza kuwa ngumu kuwaka ikipata moto. Mlio mwepesi na wa mfululizo wa tapeti kwenye injini ya pushirodi ni wa kawaida.

Mlio wa injini ya kemshafti ya juu usomwe kwa namna nyingine. Mkwaruzo unaosikika ubavuni mwa silinda injini ikiwa inanguruma polepole huelekeza kwenye cheni iliyorefuka au kikaza kilichokwama, na kuseti tapeti hakutauondoa. Cheni ikiachwa hivyo inaweza kuruka jino, na valvu zikaanza kufunguka nje ya wakati wake. Wakati wa kufungua hedi, tofauti ya kazi hujitokeza tena: kwenye pushirodi fundi hutoa roka, huvuta vijiti, hunyanyua hedi, na mpangilio wa wakati kati ya gia mbili za chini haujaguswa, anachopaswa kukumbuka ni kurudisha kila kijiti mahali pake kwa kuwa kimeshalika kwa kufuatana na roka yake. Kwenye kemshafti ya juu, sproketi ikitolewa cheni hufungwa kwa waya isidondoke ndani ya kasha la injini, na kazi ikirudishwa, alama ya sproketi hulinganishwa na uso wa hedi huku alama ya T ikiwa mahali pake, kisha injini huzungushwa kwa mkono duru mbili kamili kabla ya kupigwa kiki.

Ama kuhusu kipi kinunuliwe, jibu hutegemea zaidi nani atakaa na chombo kuliko chombo chenyewe. Anayeendesha pikipiki yake mwenyewe, anayeitazama oili kila asubuhi na kuibadilisha kwa kufuata kitabu, atanufaika na kemshafti ya juu, ambayo huzunguka kwa wepesi na kuvumilia safari ndefu za lami kwa mwendo mkubwa. Anayemkabidhi dereva pikipiki kwa mkataba na kuiona siku ya hesabu tu ana sababu nzuri ya kuchagua pushirodi, kwa kuwa hawezi kujua oili ilikuwa wapi katikati ya wiki. Kwa hali zote mbili iwekwe oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu oili hiyohiyo huilowesha klachi, na baadhi ya oili za magari zilizotengenezwa kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Anayenunua pikipiki iliyotumika aikute ikiwa baridi, akatae iliyokwisha kupashwa moto kabla hajafika, aiwashe mwenyewe na kuacha ingurume kwa dakika chache huku ameinamisha sikio kwanza upande wa cheni, kisha juu ya hedi, na baada ya kuizima achomoe kijiti cha oili na kukifuta kwenye kitambaa cheupe: chembe zinazong'aa kwenye kitambaa hicho ni chuma cha nundu, cha gia au cha beringi, na bei ishushwe kwa kiasi cha kushusha injini nzima.